Mgeni alisema wiki mbili, leo miezi minane. Nyumba ya kupanga. Namtoaje kisheria bila kujitia kwenye kesi?

#1 Mtu wa Gungu
Wakuu salaam. Niende moja kwa moja. Nimepanga hapa Gungu, Kigoma mjini, vyumba viwili na sebule, elfu themanini kwa mwezi, nalipa miezi sita sita. Mwezi wa tatu alikuja jamaa niliyesoma naye sekondari, akasema anasubiri mzigo wake wa dagaa utoke Kalya, akishauza anapanda treni anarudi kwao Tabora, wiki mbili tu. Nikampa chumba cha pili tulichokuwa tunaweka magunia na baiskeli. Dagaa hawajafika mpaka leo, au walifika wakaliwa mimi sijui. Sasa hivi ni Novemba. Wife ana mimba ya miezi saba na mama yake anakuja kutoka Kasulu kumhudumia, jamani mkwe wangu nitamlaza wapi, sebuleni? nikitoka usiku kwenda kukojoa namruka mama mkwe?

Nimeongea na jamaa kistaarabu mara tatu. Ya kwanza alicheka. Ya pili alinuna siku nne, huku anakula. Ya tatu ilikuwa wiki iliyopita, akaniambia "mimi nipo hapa kihalali, kama unaweza nitoe kwa sheria" na kesho yake akanunua kufuli akafunga chumba. Kijiweni wananiambia mtu akishapitisha miezi sita keshakuwa mpangaji huwezi kumtoa. Ni kweli? Na naanzia wapi, polisi, mwenyekiti wa mtaa au baraza? Halafu wa kwanza kuniletea ile ya mgeni na jembe nambloku, nimeshaambiwa na mama, na shemeji, na bodaboda.

#2 Mgebuka Mkavu
Kwani ulishampa? 😂 natania mkuu usinibloku. Ngoja wajuzi waje, nimeweka kiti.

#3 Mama Wawili Ng'ambo
Mwangaluka wana uzi. Nipo Tabora, yangu ilikuwa ya mpwa wa marehemu mume wangu, alikuja msibani akabaki mwaka na nusu. Sikwenda polisi wala wapi. Nilienda kwa mwenyekiti wa mtaa, akamwandikia wito, tukakaa mimi, yeye, mwenyekiti, mtendaji na wazee wawili wa upande wa mume, maana bila wazee wa ukoo ingeonekana nafukuza damu ya marehemu. Akaulizwa unaondoka lini, akasema mwisho wa mwezi, ikaandikwa, akasaini. Mwisho wa mwezi ulipofika hakuondoka, ila alikuwa ameshasaini, na aibu ya ile karatasi ndiyo iliyomwondoa wiki mbili baadaye, sio sheria. Anzia kwa mwenyekiti baba.

#4 Msomi wa Uchochoroni
Hiyo ya miezi sita sijawahi kuiona kwenye sheria yoyote ya Tanzania na nimeitafuta. Mpangaji hawi mpangaji kwa kuhesabu miezi, anakuwa kwa makubaliano: kuna sehemu amekabidhiwa aikalie yeye, kuna pango, kuna kipindi. Mgeni anakaa kwa ruhusa yako tu, ukiiondoa ruhusa unampa muda wa kutosha kufungasha, muda ukiisha hana haki ya kuendelea kukaa. Kwa hiyo mpe notisi ya maandishi, weka tarehe, mashahidi wawili, nakala ofisi ya mtaa.

Swali dogo kwa mleta uzi. Jamaa anachangia chochote kwenye nyumba?

#5 Mtu wa Gungu
Hachangii kitu @Msomi. Anakula na kulala.

#6 Afande Kijiweni
Nimekaa kaunta miaka mingi nimestaafu. Mtu akija kutuambia "nina mgeni hataki kuondoka" tulikuwa tunamwambia hiyo ni madai, nenda kwa mwenyekiti wako. Sio uvivu kama mnavyosema humu. Ukimkamata mtu aliyekaribishwa mwenyewe, ana nguo zake ndani, ana mswaki wake bafuni, unamshtaki kwa kosa gani? Hakimu atamuuliza mlalamikaji nani alimfungulia mlango.

#7 Kibirizi Ziwani
@Afande kwa heshima zote mzee wangu, kosa lipo. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 299, kuingia kwa jinai, kina sehemu mbili. Ya kwanza ni aliyeingia bila haki. Ya pili ni aliyeingia kihalali halafu AKABAKI isivyo halali kwa nia ya kutisha, kutukana au kumuudhi mwenye kulimiliki eneo. Na ikiwa ni nyumba ya kuishi watu adhabu inaweza kufika mwaka mmoja. Huyo wa kufuli anamuudhi mwenzie au anamfurahisha?

#8 Afande Kijiweni
Kijana umesoma vizuri lakini hujasimama kizimbani. Neno zito pale ni NIA. Jamaa atasema mimi sina nia ya kumuudhi mtu, sina pa kwenda, nasubiri dagaa. Nia utaithibitishaje, utaleta dagaa wawe mashahidi?

#9 Mgebuka Mkavu
dagaa mashahidi 😂😂😂 nimemwaga chai

#10 Msomi wa Uchochoroni
Mnaongea kitu kimoja wote wawili. 299 inafanya kazi vizuri BAADA ya ruhusa kuondolewa kwa maandishi na muda kuisha, kabla ya hapo ni kelele tu. Tena kuna msimamo wa siku nyingi wa Mahakama Kuu kwamba kama watu wanabishana juu ya haki ya eneo lenyewe, jinai inasubiri, kwanza mjue kwa njia ya madai nani mwenye haki. Jamaa akifika tu polisi akasema "na mimi nina haki mle" basi jalada linalala.

#11 Mama Mwenye Nyumba Mwanga
Mimi niko upande wa pili wa shilingi, nina vyumba nimepangisha. Nyie wapangaji mnaingiza watu, choo kinajaa, maji yanaisha, halafu ukiuliza unaambiwa ni mdogo wangu. Wadogo kila mwezi! Mkataba wangu umeandikwa mgeni asizidi siku kumi na nne bila kunijulisha. Wa kwako unasemaje? Na mwenye nyumba wako anajua? maana anaweza kukukalia kooni wewe, sio mgeni.

#12 Mtu wa Gungu
Mkataba ni karatasi moja tulisaini kwa mwenyekiti. Nimeutoa kabatini nimeusoma sasa hivi, nusu inahusu mbuzi na kutopika kwa mkaa ndani, kuhusu wageni hakuna neno. Mwenye nyumba anamjua, wanasalimiana vizuri tu, zaidi hata ya mimi.

#13 Lumumba Road
Mnazunguka mno. Toa mlango wa hicho chumba upeleke kwa fundi seremala, mwambie umeoza. Mwezi mzima fundi anatengeneza. Mtu gani atalala bila mlango na mama mkwe yupo? Kesi imeisha.

#14 Mtoto wa Ujiji
Wa #13 usimponze mwenzio. Mimi mwaka juzi nilimtolea mtu vitu nje, begi moja na godoro, nikavipanga vizuri kabisa chini ya mwembe nikafunika na turubai. Jamaa akarudi akaenda kuripoti kwamba ndani ya begi kulikuwa na laki nne na simu. Laki nne! Mtu alikuwa ananikopa hela ya vocha! Nilizungushwa miezi mitatu, mwisho nikalipa laki na nusu ili niachwe nifanye kazi. Ukigusa vitu vya mtu bila shahidi kila kilichopotea duniani kilikuwa kwenye hilo begi.

#15 Lumumba Road
Mi sijasema aguse begi nimesema aguse mlango

#16 Mama Mwenye Nyumba Mwanga
Mlango ni wa mwenye nyumba we mtoto. Ukiung'oa unanilipa.

#17 Balozi Mstaafu
Kwa utaratibu ulivyo unaanza kwa balozi wako wa nyumba kumi, ndio anajua nani analala wapi, kisha mwenyekiti.

#18 Kibirizi Ziwani
Balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama mzee wangu sio wa serikali, toka vyama vingi vilivyorudi 1992. Anaweza kusuluhisha kama jirani, ila karatasi yake haina nguvu yoyote mbele ya baraza. Serikali inaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa.

#19 Balozi Mstaafu
Haina nguvu lakini ukifiwa unakuja kwangu usiku. Sawa.

#20 Mama Wawili Ng'ambo
Pole balozi, vijana wa siku hizi. Balozi akiitwa kama shahidi uzito anao, maana ndiye aliyemwona huyo mgeni anashuka na begi siku ya kwanza na kusikia neno "wiki mbili". Mwana, ulimtambulisha kwa balozi wako alipofika?

#21 Mtu wa Gungu
Sikumtambulisha mama, nani anatambulisha mgeni wa wiki mbili. Ngoja niseme ukweli wote maana mnanisaidia. Pale #5 nilisema hachangii. Kuna LUKU huwa ananunua ya elfu tano, sio kila mwezi.

#22 Msomi wa Uchochoroni
Aaah. Kwa jina lake? Token zinaingia kwenye simu yake?

#23 Mtu wa Gungu
Zinaingia kwake ndio, ananisomea naingiza kwenye mita.

#24 Kibirizi Ziwani
LUKU sio kodi. Mtu kununua umeme anaoutumia mwenyewe kuchaji simu na kuangalia mpira hakumpi chumba. Hata mkwe wangu huwa ananunua LUKU kwangu na hajadai sebule.

#25 Mgebuka Mkavu
Subiri mkwe wako asome huu uzi

#26 Dada wa Stesheni
Mimi naona wote mnarukia sheria na hamjamuuliza swali la msingi. Huyo jamaa ni raia? Kigoma hii watu wanatoka ng'ambo ya ziwa, wanatoka Burundi, na kumhifadhi mtu asiye na kibali ni kosa kwako wewe mwenye nyumba. Nenda uhamiaji uwaambie wamwangalie, siku mbili hayupo.

#27 Mtoto wa Ujiji
Dada hapo umeharibu. Mleta uzi kasema kasoma naye sekondari na kwao ni Tabora. Sisi watu wa huku ndio tunajua uchungu wake, ukigombana na mtu kuhusu mpaka wa shamba, Mrundi. Ukimdai hela yako, Mkongo. Kaka yangu kazaliwa Ujiji, babu yake kazikwa Ujiji, aliwekwa siku tatu kwa sababu ya jirani aliyegombania naye mti wa mawese. Tena kumpa mtumishi wa umma taarifa unayojua ni ya uongo ni kosa kwenye hiyo hiyo Kanuni ya Adhabu mnayoisoma. Ushauri huu ufutwe.

#28 Dada wa Stesheni
Nilisema waangalie tu sikusema uongo. Basi yaishe.

#29 Mwakeye Kibondo
Mwakeye wote. Huku kwetu tumeishi na kambi ya wakimbizi ya Nduta pembeni, mambo ya vibali sio utani wa kumtolea mtu chumbani. Nami niko na @Mtoto wa Ujiji. Turudi kwenye kufuli.

#30 Pweke Katubuka
Naomba kuchomekea la kwangu kabla hatujarudi kwenye kufuli. Mgeni wangu mimi ni mwanamke. Alikuja "wikiendi" 2022 hajaondoka. Nimeambiwa ukikaa na mwanamke miezi sita sheria inasema ni mke. Na yeye naye namtoaje?

#31 Mama Wawili Ng'ambo
Huyo sio mgeni, huyo ni mwenyeji. Mgeni ni wewe.

#32 Kibirizi Ziwani
Hii miezi sita inatoka wapi kwani, naona kila kitu ni miezi sita! Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 160 inasema MIAKA MIWILI au zaidi, mkaishi mkaonekana kwa watu kama mume na mke, hapo inakuwa dhana kwamba mlioana. Dhana inaweza kukanushwa kwa ushahidi. Ila hesabu miaka yako mkuu, 2022 mpaka leo.

#33 Pweke Katubuka
Nimehesabu. Nimekaa chini.

#34 Msomi wa Uchochoroni
Na hata dhana ikikanushwa, hicho hicho kifungu kinaipa mahakama nafasi ya kuamuru matunzo yake na ya watoto kama wapo. Wewe fungua uzi wako mkuu, wa kwako unahitaji kurasa.

#35 Mtumishi wa Kata
Nafanya kazi ofisi moja ya kata (sitasema ipi) niwawekee njia sawa maana naona wengi bado mna picha ya zamani. Zamani Baraza la Kata lilikuwa linasikiliza na KUAMUA migogoro ya ardhi na nyumba yenye thamani isiyozidi milioni tatu. Mabadiliko ya sheria ya 2021 yameondoa hiyo nguvu. Sasa kazi yake ni kusuluhisha tu, ndani ya siku thelathini. Wajumbe ni wanne hadi wanane na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Mkishindwana baraza linathibitisha kwa maandishi kwamba usuluhishi umeshindikana, na ukienda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya bila uthibitisho huo unarudishwa mlangoni. Wilaya ndiyo inayoamua, na amri ikitoka anayetekeleza ni dalali wa baraza. Sio wewe na shemeji zako mkiwa na panga.

#36 Lumumba Road
Kwa hiyo mtu kumtoa mla ugali wa bure ni mwenyekiti, kata siku 30, wilaya miezi sijui mingapi, dalali. Mtoto wa mleta uzi atakuwa ameanza darasa la kwanza. Mlango jamani. Fundi seremala.

#37 Afande Kijiweni
@Mtumishi wa Kata swali. Mgeni asiye na maslahi yoyote kwenye nyumba, huo ni mgogoro wa ardhi na nyumba kweli? Mimi naona sio. Ni ugomvi wa watu wawili waliokuwa marafiki.

#38 Mtumishi wa Kata
Ukiuliza watu watatu ofisini kwetu unapata majibu matatu mzee. Wengine wanasema akidai haki ya kukaa mle tayari ni mgogoro wa umiliki wa chumba, baraza linahusika. Wengine wanasema mgeni hana cha kudai, mwite kwa mwenyekiti akatae, ndipo polisi. Mimi binafsi humpeleka usuluhishi kwanza kwa sababu hata kama sio njia yenyewe haimdhuru mtu.

#39 Msomi wa Uchochoroni
Mimi nasema ni suala la ruhusa tu, dhana tuliyoirithi kwa Waingereza, sheria zao zilipokelewa hapa kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920 na

#40 Mgebuka Mkavu
Msomi ameingia 1920, nani ana karanga

#41 Mzee wa Bangwe
Angalieni na miaka kumi na miwili. Mtu akikaa mahali miaka kumi na miwili pamekuwa pake. Kwa hiyo ana haki inakua kidogo kidogo.

#42 Kibirizi Ziwani
Hapana mzee, haikui kama mti. Ile miaka kumi na miwili ni muda wa ukomo wa kudai ardhi mahakamani, na inamhusu aliyekalia bila ruhusa, wazi, mwenye ardhi akanyamaza. Aliyekaribishwa akae hata ishirini bado ni mkaribishwa.

#43 Mtu wa Gungu
Wakuu ahsanteni, nimeandika notisi jana, siku kumi na nne, mashahidi wawili. Nilimpa akaisoma akanirudishia, akasema "kamuonyeshe mwenye nyumba". Kuna kitu sikuwaambia. Mwezi wa saba nilikuwa Kasulu kwenye msiba wa baba mkwe wiki tatu, kodi ilikuwa imeisha na sikuwa na hela, mwenye nyumba akawa anasumbua. Jamaa akamtumia miezi miwili kwa simu, laki na sitini. Niliporudi nilisema nitamrudishia, sijamrudishia.

#44 Mgebuka Mkavu
HAPANA

#45 Msomi wa Uchochoroni
Ndugu yangu mbona umetutembeza post arobaini? Nilikuuliza pale #4 anachangia chochote ukasema anakula na kulala!

#46 Mama Mwenye Nyumba Mwanga
Hii sasa ni habari nyingine. Mimi mtu akinitumia laki na sitini kwa jina lake na yumo ndani, nikamjibu "imefika ahsante", kesho akija kusema ni mpangaji wangu namwambiaje? Meseji anayo. Ndio maana ana kiburi cha kufuli.

#47 Kibirizi Ziwani
Taratibu. Kulipa deni la mwenzio hakukufanyi mpangaji. Mkataba una jina la nani? Gungu. Kwa hiyo jamaa amemkopesha mpangaji laki na sitini, anadai laki na sitini yake, hadai chumba. Mlipeni deni lake aondoke.

#48 Afande Kijiweni
Niliwaambia jalada litalala. Sasa limelala na shuka limejifunika.

#49 Msomi wa Uchochoroni
@Kibirizi inategemea mwenye nyumba alipokea kama nini. Kama aliandika "nimepokea kodi ya Gungu kutoka kwako" ni deni. Kama tangu siku hiyo anamchukulia kama mmoja wa wapangaji, wanasalimiana zaidi ya na mleta uzi (soma #12), jamaa anaweza kujenga hoja kwamba alipewa chumba, analipa kwa mwezi, anastahili notisi ya mpangaji wa mwezi mwezi. Sisemi atashinda. Nasema ana cha kuongea, na mwenye cha kuongea hatolewi na polisi.

#50 Mama Wawili Ng'ambo
Mimi sio mwanasheria ila hapa namwelewa huyo kijana. Alikuokoa ulipokuwa msibani, familia yako isifungiwe nje, na hujamrudishia. Kila ukimwambia ondoka anasikia "nimekula hela yako, ondoka". Mrudishie laki na sitini mbele ya mwenyekiti, iandikwe ni marejesho ya mkopo, asaini. Halafu ndio umuulize dagaa.

#51 Lumumba Road
Au asimrudishie. Akirudisha kamaliza silaha yake, huwezi kujua. Jamaa atachukua hela na chumba.

#52 Mtumishi wa Kata
Arudishe, kwa maandishi, neno "mkopo" lionekane. Hilo neno lina thamani kuliko hela yenyewe.

#53 Mwakeye Kibondo
Kwani wife anasemaje kuhusu haya yote?

#54 Mtu wa Gungu
Wife anasema huyo jamaa anamsaidia kuchota maji kuliko mimi. Nimewaambia nisiwafiche kitu.

#55 Mama Mwenye Nyumba Mwanga
😂😂 Baba hama wewe, uwaachie.

#56 Pweke Katubuka
Ushauri wa kuhama sio mbaya hata mimi naufikiria. Kodi ikiisha humlipi tena mwenye nyumba, unahamia Mwandiga usiku, mgeni anabaki na mwenye nyumba wake wasalimiane vizuri.

#57 Kibirizi Ziwani
Kisheria hiyo ni safi kuliko zote, haki ya mgeni inasimama juu ya ya kwako, yako ikiisha ya kwake haina pa kukanyaga. Isipokuwa ile ya #49 ikiwa kweli.

#58 Mgebuka Mkavu
Nje ya mada, kuna anayejua bei ya ndoo ya dagaa Kibirizi leo? Nataka kujua kama huyo jamaa ana sababu ya kusubiri au ndio basi.

#59 Mtoto wa Ujiji
Mbalamwezi hii hawapatikani, subiri giza liingie. Bei haisemeki.

#60 Mgebuka Mkavu
Kwa hiyo ana hoja 😂

#61 Mtu wa Gungu
Mrejesho. Nimekopa kwa shemeji, tumeenda ofisi ya mtaa Jumatano, nimemrudishia laki na sitini, mwenyekiti kaandika "marejesho ya mkopo wa kodi", jamaa kasoma mara mbili, kacheka, kasaini. Akasema ataondoka "mzigo ukifika". Mwenyekiti akataka tarehe, akasema tarehe anayo Mungu na watu wa Kalya. Alhamisi nikarudi kutoka kazini simkuti. Majirani wanasema kabeba begi dogo kaelekea Kibirizi kupanda boti la Kalya, kwenda kuufuata mzigo mwenyewe. Kufuli liko mlangoni, begi kubwa na godoro vimo ndani. Simu haipatikani. Mkwe anafika Jumapili. Naomba jibu moja tu, nikate kufuli au nisikate?

#62 Lumumba Road
KATA. Fundi seremala ninaye namba yake.

#63 Mtoto wa Ujiji
USIKATE. Soma #14. Laki nne na simu.

#64 Mtumishi wa Kata
Ukikata, ukate mbele ya mwenyekiti, mjumbe na jirani, vitu vyote viorodheshwe kimoja kimoja mpaka soksi, wote wasaini, vihifadhiwe mahali pamoja. Ila kukushauri ukate, sikushauri.

#65 Afande Kijiweni
Kaandikishe kwanza kwamba mtu haonekani na simu haipatikani, boti hizi na upepo huu. Usije ukakata kufuli la marehemu.

#66 Mama Mwenye Nyumba Mwanga
Kwani mwenye nyumba hana ufunguo wa akiba? Mimi vyumba vyangu vyote ninao.

#67 Mtu wa Gungu
Wa mlango anao. Kufuli ni la jamaa mwenyewe kalinunua, na nimekuta ameacha risiti yake juu ya friji, kaibana na sumaku.